Uzi maalumu: Made in Japan ya Deep Purple, albamu ambayo wenyewe hawakuitaka

Mzee wa Santuri

Wakuu, heshima kwenu. Jukwaa hili tumeshachambua dansi, taarabu na bongo fleva mpaka tumetoana jasho. Leo nawapeleka kwenye roki. Anayeogopa kelele apite taratibu, hatutamnunia.

Albamu ni Made in Japan ya Deep Purple, Waingereza. Santuri 2, nyimbo 7 tu, na muda wake unapita dakika 75. Imerekodiwa jukwaani Agosti 1972: tarehe 15 na 16 mjini Osaka, tarehe 17 Tokyo ndani ya ukumbi wa Budokan. Kikosi ni kile ambacho mashabiki wanakiita cha pili: Ian Gillan anaimba, Ritchie Blackmore gitaa, Jon Lord kinanda, Roger Glover besi, Ian Paice dramu.

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka taa zizimwe: albamu hii ni kali kwa sababu waliopiga hawakuwa na haja nayo.

Waliokuwa na haja nayo ni watu wa Warner wa Japani. Deep Purple walikuwa wanapendwa sana kule, kampuni ikataka albamu ya laivu ya kuuza ndani ya Japani, basi. Bendi ikasuasua. Kwao shoo ilikuwa kitu cha usiku uleule. Ukiikamata ukaitia kwenye santuri umeiua. Mwisho wakakubali kwa masharti: fundi wa kurekodi awe wa kwao, Martin Birch, na kanda zisitoke mpaka wenyewe wazisikilize na waridhike. Wakakubaliwa, wakapanda jukwaani, wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna mashine inayozunguka huko nyuma.

Hapo ndipo penye uhondo. Mwanamuziki akijua kwamba leo anarekodiwa kwa ajili ya dunia nzima, vidole vinakuwa vizito, anapiga kwa tahadhari. Hawa walipiga kama Jumanne nyingine yoyote ya ziara, na tarehe 15 ilikuwa Jumanne kweli.

Sikiliza Highway Star inavyoanza. Hakuna mshereheshaji wa kupaza sauti "mabibi na mabwana". Paice anaanza kugonga ngoma ndogo taratibu, Lord anagusa kinanda, besi inaingia kwa chini, Blackmore anakwaruza nyuzi kama mtu anayejaribu tu kama gitaa liko sawa. Hujui kama wimbo umeanza au bado wanajipanga. Inapanda, inapanda, Gillan anaachia ukelele mmoja mrefu, wameshaondoka na wewe umeachwa kituoni. Wimbo wenyewe ulizaliwa ndani ya basi mwaka 1971, wakielekea kupiga Portsmouth. Mwandishi wa habari aliwauliza nyimbo zenu mnazitungaje, Blackmore akashika gitaa akawa anarudia noti moja, Gillan akatupia maneno ya gari na mwendo kasi. Usiku uleule wakaupiga jukwaani. Studio ulikuja kupelekwa baadaye.

Halafu nenda Strange Kind of Woman. Katikati wimbo unasimama, wanabaki wawili, Gillan na Blackmore. Gitaa linasema kitu kifupi, Gillan anakijibu kwa koo, vilevile. Gitaa linaongeza ugumu, koo linafuata. Blackmore anapandisha hadi kule ambako koo la binadamu halitakiwi kufika, Gillan anafika, na anashikilia palepale mpaka wewe msikilizaji ndiye unayetafuta hewa. Niambieni ni studio gani ingepanga kitu kama kile.

Karibuni. Wa kupinga aje na hoja, matusi aache kwao.

Msela wa Keko

Shikamoo mzee. Mimi mtoto wa singeli, nimevutwa na kichwa cha habari tu. Hawa jamaa nawajua kwa ule wimbo mmoja ambao kila anayeshika gitaa dukani kwa mara ya kwanza anaupiga mpaka mwenye duka anataka kulia. Humo umo?

Mzee wa Santuri

Marahaba kijana. Umo. Smoke on the Water, umetoka shoo ya kwanza, tarehe 15, na ndio pekee uliochukuliwa usiku ule. The Mule na Lazy ni za Tokyo. Nne zilizobaki ni Osaka tarehe 16.

Ila zingatia kitu. Usiku ule haukuwa bado "ule wimbo". Albamu ya Machine Head ilitoka Machi 1972, na singo waliyoichagua wenyewe ilikuwa Never Before, ambayo leo haikumbukwi na mtu isipokuwa sisi wagonjwa. Smoke on the Water ulikuja kutolewa singo Marekani Mei 1973, ukapanda mpaka nafasi ya 4, na upande wa pili wa santuri hiyo waliweka toleo la laivu la Japani. Kwa hiyo watu unaowasikia Osaka wanashangilia wimbo wa albamu tu. Blackmore pale mwanzo anauchezea, anavuruga mpigo makusudi, halafu ndiyo anaupiga sawasawa. Leo akifanya hivyo uwanjani watu elfu 50 watadhani amekosea.

Msela wa Keko

Sawa mzee, nimeweka ya Strange. Huyo mpiga gitaa na mwimbaji lazima walikuwa maswahiba wa kufa na kuzikana, maana wanavyosikilizana siyo kawaida.

Mzee wa Santuri

Hahaha! Kaa chini kijana.

Hao wawili walikuwa wanakaribia kutozungumza. Desemba 1972, mwezi uleule ambao albamu inaingia madukani Uingereza, Gillan aliandika barua ya kujiuzulu. Akakubali kumalizia ratiba iliyokuwa imeshapangwa. Shoo yake ya mwisho kabla ya kuondoka ilikuwa tarehe 29 Juni 1973, na ilipigwa wapi? Osaka. Mji uleule. Glover naye akatoka, wakaingia David Coverdale na Glenn Hughes.

Ukilijua hilo, mabishano ya koo na gitaa unayasikia kwa sikio jingine kabisa. Mimi naona kama watu wawili waliokuwa wanagombana kwa njia pekee waliyokuwa wamebakiwa nayo.

Fundi Mitambo

Mzee umegusa ninapolia ugali, ngoja niongeze upande wa mitambo.

Birch alirekodi kwa mashine ya traki 8. Vijana wenye kompyuta yenye traki zisizo na mwisho wanaweza wasielewe uzito wake. Sauti ya Gillan, gitaa, kinanda, besi, dramu na watazamaji, vyote vigawane nafasi 8. Dramu peke yake leo naiwekea maiki zaidi ya hizo, na bado nalalamika.

La pili, hawa watu walikuwa na kelele za kupindukia. Mwaka huohuo 1972, ukumbi wa Rainbow London, walipimwa desibeli 117, na kitabu cha Guinness kikawaandika kuwa ndio bendi yenye sauti kubwa kuliko zote duniani. Ukiwa na spika za namna hiyo jukwaani, maiki ya dramu inadaka gitaa na maiki ya mwimbaji inadaka dramu. Maana yake mtu akikosea, huwezi kulifuta kosa lake ukamrudisha studio akaingize upya, kwa sababu lilishaingia kwenye maiki za wenzake wote. Ndiyo maana wanaposema hakuna kilichopachikwa baadaye, mimi wala sihitaji ushahidi wa karatasi, masikio yananitosha. Albamu ya laivu ya Kiss, Alive! ya 1975, ilifanyiwa marekebisho mengi studio na wenyewe wamekiri. Live and Dangerous ya Thin Lizzy ya 1978, mpaka leo watu wanabishana kiasi gani ni ukumbini na kiasi gani ni studio. Kwa Made in Japan ubishi huo haupo.

Kinanda sasa. Lord alikuwa na kinanda cha umeme cha Hammond, lakini aliichomeka kwenye ampu za Marshall, zilezile za magitaa. Ndio ule mkwaruzo. Weka Lazy, pale mwanzo kabla wenzake hawajaingia: kinanda kinanguruma, kinakoroma, kinakata, anatupia kipande cha wimbo wa Louie Louie kama mzaha, halafu ndipo anaingia kwenye wimbo. Nilishawahi kumwekea mpiga gitaa mmoja kipande hicho, akaniuliza hilo ni gitaa gani. Ukivaa hedifoni nzuri Lord unampata sikio moja na Blackmore la pili, unabaki katikati unahukumu.

Kumiksi walienda Glover na Paice kukaa na Birch. Gillan na Blackmore hawakujisumbua. Gharama nzima hutajwa kuwa kama dola 3,000, pesa ya chai kwa bendi ya kiwango kile. Kwa hilo namuunga mkono mleta uzi.

Na kuna mahali, kati ya wimbo na wimbo, wanamwomba fundi awaongezee spika za jukwaani. Ombi lao: kila kitu kiwe na sauti kubwa kuliko kila kitu kingine. Mteja wa aina hiyo nimekutana naye kwenye harusi zote nilizopiga muziki.

Mpinzani Halali

Nimewasoma wote, sasa naomba niwe mbaya wa uzi huu.

Mleta uzi anasema albamu ni kali kwa sababu waliopiga hawakujali. Haya, nijibuni Live at Leeds, albamu ya laivu ya The Who, Waingereza wengine. Tarehe 14 Februari 1970, kwenye bwalo la chakula la Chuo Kikuu cha Leeds. Hawa walienda pale KUREKODI. Walikuwa wametoka ziara ya Marekani na makanda chungu nzima, mpiga gitaa wao Pete Townshend akaona hawezi kukaa kuyasikiliza yote, akaagiza yachomwe moto. Wakapanga shoo mbili za makusudi, Leeds na kesho yake Hull. Ya Hull nyimbo za mwanzo zikakosa besi kwenye kanda, ikabaki Leeds. Yaani walijua, walikuwa na shinikizo, na bado wakapiga kama nyumba inaungua. Nadharia ya "vidole vinakuwa vizito" inaishia hapo.

Pili, toleo la kwanza la Leeds lina nyimbo 6 kwenye santuri moja. Wanaingia, wanakupiga, wanatoka. Made in Japan ina wimbo mmoja unaokula upande mzima wa santuri. Space Truckin' studio haifiki hata dakika 5, Osaka imekwenda karibu dakika 20! The Mule nayo sehemu kubwa ni Paice peke yake na dramu zake. Namheshimu Paice, anatumia mkono wa kushoto na ana wepesi wa ajabu, lakini wakuu, tusidanganyane, wangapi humu mnaisikiliza The Mule yote bila kushika simu?

Mama Wawili

Mimi naisikiliza yote. Simu naiweka mbali.

Ila sikuja kwa hilo. Nashangaa mmefika hapa na hakuna aliyeitaja Child in Time. Wanaume mkikutana kwenye magitaa mnasahau kitu kinachouma.

Wimbo ni wa 1970, kwenye albamu yao ya In Rock, nao mzizi wake ni kipande cha Bombay Calling cha bendi ya It's a Beautiful Day ambacho Lord alikuwa anakichezea kwenye kinanda. Maneno yake machache, ya hofu ya vita, enzi ambazo Marekani na Urusi walikuwa wanaelekezeana makombora. Unaanza kinanda peke yake. Gillan anaimba chini, karibu kunong'ona. Halafu maneno yanakwisha na anabaki na sauti tupu, anarudia mstari uleule mara kwa mara, kila awamu ngazi moja juu, mpaka inakuwa kilio. Zaidi ya dakika 12.

Na pale penye utulivu, sikilizeni ukumbi. Watu wa Osaka wamenyamaza. Hakuna mlevi anayepiga mluzi, hakuna anayeitisha wimbo mwingine. Mimi nadhani nusu ya uzuri wa albamu hii ni heshima ya wale wasikilizaji. Bendi yenye kelele kuliko zote duniani ilipata watu wanaojua kunyamaza, basi ikathubutu kupiga taratibu. Leeds mngepata hiyo?

Mpinzani Halali

Leeds walikuwa wanafunzi, dada yangu. Unataka wanafunzi wanyamaze Jumamosi usiku?

Binti Shangani

Assalam aleikum. Natoka Unguja na mnajua ninakoelekea, kwa hiyo msinicheke.

Smoke on the Water inasimulia moto wa kasino ya Montreux, Uswisi, tarehe 4 Desemba 1971. Deep Purple walikuwa wamefika pale kurekodi Machine Head ndani ya kasino hiyo. Kabla hawajaanza, mwanamuziki wa Marekani Frank Zappa alikuwa na shoo, mtu mmoja ukumbini akafyatua fataki ya kuashiria, dari likashika moto, jengo likateketea. Ikabidi wahamie Grand Hotel, ambayo ilikuwa imefungwa kwa msimu wa baridi, wakapiga muziki kwenye korido huku gari la studio la Rolling Stones limeegeshwa nje.

Sasa sikilizeni. Kasino ikajengwa upya, na ndani yake ikawekwa studio, Mountain Studios. Mwaka 1978 bendi ya Queen wakarekodi pale sehemu ya albamu ya Jazz, na 1979 wakainunua studio yenyewe. Mtoto wa Mji Mkongwe, Farrokh Bulsara, yaani Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliyezaliwa hapa kwetu 1946, akawa mmoja wa wenye studio iliyosimama pale palipotokea moshi ule. Leo sanamu yake iko Montreux, ufukweni mwa ziwa lilelile la kwenye wimbo. Moshi wa Deep Purple na maji ya Freddie, mji mmoja.

Na Queen nao wana albamu yao ya ziara, Live Killers, iliyorekodiwa Ulaya miezi ya mwanzo ya 1979. Imemiksiwa palepale Montreux. Mnaobishana kuhusu laivu halisi na laivu ya kupika, angalieni walivyofanya kwenye Bohemian Rhapsody: ile sehemu ya kwaya, ambayo watu wanne hawawezi kuiimba jukwaani, wanaondoka jukwaani, kanda ya studio inapigwa, kisha wanarudi kwa kishindo sehemu ya roki. Hawakumficha mtu. Mimi naona huo nao ni uaminifu, tena wenye adabu kuliko kurekebisha kimyakimya halafu ukaandika "laivu" kwenye jalada.

Fundi Mitambo

Binti Shangani umetisha. Nilijua Freddie lazima ataingia, sikujua ataingia kwa mlango wa haki.

Mkongwe wa Dansi

Vijana, ngoja niwasogezee karibu kidogo, maana naona kuna wanaodhani kupiga bila kurudi nyuma kusahihisha ni maajabu ya Japani. Nyimbo nyingi za dansi tunazozipenda, zile za Radio Tanzania Dar es Salaam, zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Waimbaji, magitaa, tarumbeta, tumba, wote chumba kimoja, maiki za kuhesabu. Ukisikia Marijani anaimba unasikia bendi iko pale pale.

Tofauti ni urefu. Redioni wimbo ulibanwa dakika zake. Ukumbini usiku wa Jumamosi wimbo huohuo ukifika kwenye chemko haukatwi mpaka watu wachoke, na mpiga solo akipata mzuka kiongozi anamwachia. Hicho ndicho ninachokisikia kwenye Space Truckin'. Mpinzani Halali analalamika dakika 20. Sisi tungeziita nusu ya wimbo. Kwa bahati mbaya kwetu hakuwepo mtu wa kusafiri na mashine ya traki 8 akatufungia zile shoo za ukumbini zikiwa nzima.

Mzee wa Santuri

Mkongwe, hapo kwenye mstari wa mwisho umeniumiza.

Nimjibu Mpinzani Halali, maana ameleta hoja ya kiume na sitaikwepa. Sikusema kila albamu nzuri ya laivu lazima iwe ya bahati. The Who walikuwa kundi la kushambulia. Uwaambie wanarekodiwa au usiwaambie, mpiga dramu wao Keith Moon hana gia ya pili. Deep Purple walikuwa tofauti. Blackmore ni mtu wa mudi, akiwa hajisikii usiku unaharibika na hakuna wa kumlazimisha. Bendi nzima ilikuwa inategemea kumtegea, kumfuata, kumjibu. Kundi la hivyo ukiliwekea shinikizo la "leo tunatengeneza albamu kubwa" unapata shoo ya uangalifu.

Kuhusu Space Truckin': ile sehemu ndefu ya katikati haikuzaliwa na wimbo huo. Ilikuwa inaning'inizwa kwenye Mandrake Root, wimbo wao wa 1968. Walipoacha kupiga Mandrake Root wakaihamishia huku. Miaka mingi ya kuzunguka majukwaa imo mle, ndiyo maana inakwenda inakokwenda.

Na Mama Wawili, hoja yako ya wasikilizaji naichukua mzimamzima. Ongeza tu kwamba ziara yenyewe ilichelewa. Ilipangwa Mei 1972, ikasogezwa hadi Agosti. Wajapani walisubiri miezi mitatu.

Omosh wa Mtaa

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Hii albamu nilikuwa naisikia kwa kaseti ya babangu, kwenye gari, nikienda shule. Kaseti ilikuwa imekatwa katikati ya Child in Time ndio ugeuze upande, na hadi wa leo nikisikia wimbo nzima huwa naingoja ile "klak".

Juzi nikanunua santuri yenyewe mtandaoni kwa jamaa fulani. Picha alizoweka zilikuwa safi, kilichofika ni jalada zuri na ndani santuri ya kwanza mara mbili. Upande wa Space Truckin' haupo. Mpinzani Halali atafurahi. Sasa nauliza, nikitaka kununua tena ninunue gani? Naona matoleo mengi. Pia, hiyo picha ya jalada ni ya Osaka ama Budokan?

Mzee wa Santuri

Pole sana ndugu yangu Omosh.

Picha ya jalada si ya Osaka wala Budokan. Ilipigwa London. Jalada lilibuniwa na Roger Glover. Jina linasema Japani, sauti ni ya Japani, picha ni ya nyumbani kwao.

Matoleo: kama unataka albamu kama ilivyotoka 1972, nunua toleo lolote la nyimbo 7, usibabaike. Lile la 1998 lina santuri ya ziada yenye nyimbo walizopiga baada ya kuitwa tena jukwaani: Black Night, Speed King na Lucille. Kwa hela kidogo ya ziada inafaa. Mwaka 1993 ilitoka Live in Japan, diski 3, ambamo unapata sehemu kubwa ya kila usiku. Mwaka 2014 wakatoa boksi lenye shoo zote tatu.

Ushauri wangu: anza na nyimbo 7. Ukishazijua kama jina lako, ndipo utafute shoo nzima, ulinganishe Lazy ya Osaka na ya Tokyo. Blackmore hapigi solo moja mara mbili. Ukianza na boksi utachoka njiani, utaona Highway Star tatu mfululizo, utadhani wanakudhihaki.

Fundi Mitambo

Naongezea kwa Omosh: usinunue kwa sababu ya "imesafishwa upya". Kusafisha mara nyingine ni kuongeza sauti tu mpaka pumzi inaisha. Ukisikiliza toleo jipya na Child in Time pale mwanzo ina sauti sawa na pale mwisho, rudisha dukani.

Mama Wawili

Na mtu asisahau kwamba Marekani hawakuipata mpaka Aprili 1973. Kampuni kule ilitaka kwanza iuze albamu mpya ya studio, Who Do We Think We Are. Wakati huohuo nakala za kuagizwa kutoka nje zinauzika kama njugu, wakanyoosha mikono. Ikafika nafasi ya 6. Ile ya kuuza Japani tu!

Mpinzani Halali

Nafasi ya 6 haibadilishi urefu wa The Mule.

Msela wa Keko

Wakuu narudi. Nimesikiliza kuanzia mwanzo kama mzee alivyoelekeza. Highway Star nimeirudia. Ile ya koo na gitaa nimemtumia mshkaji wangu MC wa singeli, kanijibu "huyu mzungu angetusumbua kwenye vigodoro". Child in Time nimeelewa kwa nini dada amekasirika haikutajwa. Saa hizi niko Space Truckin', dakika ya kumi na kitu, kinanda kinapiga mayowe, gitaa sijui liko wapi, na wimbo niliouanza siuoni tena. Nauliza kwa adabu: naruhusiwa kuruka?

Mpinzani Halali

Ruka. Live at Leeds inakusubiri.

Mzee wa Santuri

Usithubutu. Blackmore ndiyo kwanza anaingia.